Historia ya Chekeche, Mchujaji wa Unga wa Risasi

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake, kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Chekeche, na mniwie radhi mapema, kwani wakubwa wa kiwandani waliniomba niipunguze karatasi hii, nami nimeiongeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu tangu 1968 hadi 1974, na tarehe 2 Mei 1984 akaajiriwa katika kiwanda cha aproni za mpira wanazovaa wapiga picha za eksirei, akichekecha unga wa madini ya risasi unaochanganywa na mpira ili kuzuia mionzi. Alikuwa mbishi huyo! Alikataa punje yoyote aliyoihisi kwa vidole, akimweleza hata asiyemuuliza kwamba unga laini hutandaa sawasawa, lakini punje kubwa huacha nafasi katikati yake, na mionzi hupita humo.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wa pili akiwa binti yetu mpiga picha za eksirei.

Tarehe 12 Agosti 2019 wakubwa waliondoa chekeche la matundu madogo, eti linaziba na kuchelewesha kazi, wakaleta la matundu makubwa, na kwa kuwa aproni zao hupimwa kwa mizani tu, na uzito ulikuwa uleule, zote zikapita. Kaka alikataa kuzigonga mhuri wake wa mchekechaji, namba tisa, wakampeleka getini kuandika namba za magari, na mhuri wakabaki nao, wakaendelea kuugonga. Jamani, huu ni uchafu gani! Aligundua tarehe 20 Oktoba 2022, binti yake alipoilaza aproni yake mpya chini ya mashine, akaipiga picha, ikatoka na madoadoa kama shuka lililoliwa na mende, na pindoni mhuri wa baba yake. Kaka aliwaandikia wakubwa barua nne, hakujibiwa hata moja, na leo wametuletea shada la maua!

Aliugua figo kuanzia tarehe 3 Februari 2023, akalazwa hospitali ya wilaya, akafariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akiuliza hadi mwisho kama aproni zile zimekusanywa, na hazijakusanywa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulazia wageni, na wenzake wa chumba cha kuchekechea, waliokuja ingawa walikatazwa. Wakubwa wao siwashukuru. Na ninyi wa eksirei mliopo hapa, kesho kabla hamjamwita mgonjwa wa kwanza, geuzeni pindo la aproni, mkikuta namba tisa na tarehe ya baada ya 12 Agosti 2019, ivueni, kaka yangu hakuichekecha hiyo.

Pumzika kwa amani, kaka, nimeshawaambia.