Bibi Kabula na Jina Lililosubiri Mvua

Ndugu, majirani wa Nsemulwa, na nyie wa sokoni Majengo mliofunika meza zenu leo: tunayemsindikiza ni Kabula Yustina Onesphore. Baadhi yenu mlimwita kwa majina ambayo mtu aliyekaa jirani yako hapo hajawahi kuyasikia. Yote yalikuwa yake. Haya ndiyo maisha yake.

Marehemu alizaliwa mwaka 1954 katika kijiji cha Kasekese, mtoto wa nne wa Mzee Onesphore na Bi. Anastazia. Kitambulisho chake kinasema tarehe 15 Desemba. Dada yake, Bibi Marsela, aliyeketi hapo mbele, anasema siyo, na hilo tutalifikia. Baba yao alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja Mpanda na kazi ya reli. Kazi ilipokwisha akaiona ardhi ya Kasekese, akasema hapandi tena treni. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina. Kwa Kinyamwezi mvua ni mbula. Mtoto wa kike wa mvua huitwa Kabula, wa kiume Mabula. Wasukuma nao wanayo majina hayo hayo. Kwa hiyo tangu alipopata akili marehemu alijua kwamba siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyemwambia. Jina lilitosha.

Alibatizwa Januari 1955. Padri alisema Kabula si jina la mtakatifu, na Mzee Onesphore akajibu kwamba mtakatifu naye anakunywa maji. Walikubaliana yaandikwe yote mawili, Yustina likiwa la kanisani.

Alianza shule mwaka 1963. Siku ya kwanza mwalimu aliita, "Yustina!" Darasa likanyamaza. Akaita tena. Marehemu aligeuka nyuma pamoja na wenzake kumtafuta huyo Yustina mkaidi, mpaka fimbo ilipomfikia yeye. Alisoma hadi darasa la nne, akaishia hapo kwa sababu shule ya kati ilikuwa mbali na mama yake alikuwa ameshaanza kuumwa. Alijua kusoma vizuri, na baadaye sokoni magazeti ya kufungia mchele aliyasoma kwanza kabla ya kufungia.

Tarehe 14 Septemba 1974 alifunga ndoa na Telesphor, mtu wa kabila la Wapimbwe, mkulima wa mpunga wa Usevya. Mama mkwe wake hakulipenda jina la Kabula lilivyokaa mdomoni. "Huku kwetu mvua ni imvula," alimwambia. "Ukikaa kwangu utanyesha kwa lugha yangu." Akamwita Kamvula, na Usevya yote ikafuata. Walijaliwa watoto watatu: Generosa, Deusdedit na Obadia.

Mwaka 1991 familia ilihamia Nsemulwa, na marehemu akaanza kuuza mchele Majengo. Alipima kwa kopo la sado, akaisawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza konzi moja juu. Konzi hiyo aliiita rasharasha. Mteja aliyeondoka kabla ya kuongezewa aliitwa arudi: "Wewe, umeacha rasharasha yako!" Wasukuma walimwita Kabula, wengine Mbula. Melkiadi fundi baiskeli, ambaye wazazi wake wanazungumza Kirundi, alimwita Mama Mvura. Mjukuu wake Queen, mtoto wa Generosa, alikuwa akitoka shule anakaa pale mezani na kumuuliza kila anayekuja, "Samahani, kwenu mvua mnaitaje?" Marehemu alimkanya: "Muache anunue kwanza. Akishalipa muulize mpaka majina ya mababu zake."

Hapa lazima ielezwe desturi ya nyumba ya Mzee Onesphore, maana wageni hawaijui. Jina la bibi halichukuliwi tu. Mwenye jina, akiwa hai, humwita mtoto kwa kinywa chake, na mtoto huitika. Akiwa mchanga, mama yake humuitikia. Siku ya mazishi, kabla ya udongo, mkubwa wa ukoo husimama miguuni pa kaburi na kuliita jina. Aliyepewa akiitika, jina limebaki. Kukiwa kimya, jina limekwenda na mwenyewe, na hakuna mtoto wa ukoo huo atakayeitwa hivyo tena. Majina mawili ya ukoo yamekwenda namna hiyo. Wazee wanayajua lakini hawayatamki.

Juu ya desturi hiyo marehemu aliongeza sharti lake: Kabula lazima azaliwe mvua ikinyesha, kama yeye. Hilo ndilo lililomtesa. Generosa alizaliwa Julai, wakati wa mavuno. Wakaja wajukuu, wa kwanza Osward, wa kiume. Mwezi Agosti 2008 uchungu ulimshika Generosa kabla ya wakati, pale pale Nsemulwa, mbingu nyeupe kabisa. Mkunga wa jirani akiwa ndani, Mzee Telesphor alipanda ngazi na ndoo ya maji akaanza kumwaga juu ya bati. Marehemu akatoka nje.

"Mzee, shuka."

"Husikii inavyonyesha?"

"Mvua ya ndoo hainyeshi kwa jirani."

"Basi nisubiri, nikamwage na kwa jirani."

Watu walicheka mpaka mkunga akawafokea. Mtoto alizaliwa bati likiwa bado linadondosha maji, lakini marehemu hakubadili msimamo. Baba wa mtoto akampa jina la Queen, alilolisikia redioni. Mwaka 2013 alizaliwa Faith wa Deusdedit, mwezi Juni, na safari hiyo hakuna aliyepanda juu ya bati. Mzee Telesphor alifariki mwaka 2017.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 2022, baadaye figo. Mwishoni mwa Septemba mwaka huu alilazwa hospitalini hapa mjini. Wakati huo Odeta, mke wa Obadia, alikuwa mjamzito, wa kujifungua Desemba. Desemba ni mvua. Daktari alipokuja kumweleza hali yake, marehemu hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Desemba nitafika?" Daktari alisema tumwombe Mungu. Marehemu akasema, "Huyo namwomba kila siku. Nimekuuliza wewe."

Obadia alimshauri ampe jina mtoto akiwa tumboni.

"Nimpe nani?" akamjibu. "Na akija kuwa Mabula?"

Kuanzia hapo alikula kila alichopewa, hata uji alioukataa zamani. Asubuhi aliuliza hali ya hewa kabla ya kusalimia. Queen alikwenda dirishani, akarudi na kusema, "Jua, bibi." Kila siku ilikuwa jua.

Jumamosi tarehe 2 Novemba Bibi Marsela alifika kutoka Kasekese. Alikuta Generosa na Queen wako pale kitandani. Alikaa, akavua kandambili, akamtazama mdogo wake.

"Wanasema unasubiri mvua. Ya nini?"

"Ya jina, dada. Mtoto wa Odeta azaliwe nayo kama mimi."

"Kama wewe? Nani kakwambia ulizaliwa na mvua?"

"Si naitwa Kabula?"

"Unaitwa, ndiyo. Ulizaliwa kwenye vumbi, Kabula. Mwezi wa kumi. Kisima kilikuwa tope, tukichuja kwa kanga. Baba alikuosha kwa kikombe kimoja, akatoka na wewe nje, akakuita jina hilo akiangalia juu. Alikuwa anaiita."

"Ikaja?"

"Ilikuja. Wewe ulikuwa umeshaanza kucheka."

Marehemu akasema, "Miaka yote hii, dada. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisimulia hiyo mvua yako vizuri hivyo, watu wanakusikiliza. Ningekukatiza vipi?"

Marehemu aligeukia ukutani. Generosa alidhani amelala. Lakini aliomba maji, akanywa, akasema, "Yule wa ndoo yuko wapi?"

Queen alikuwa miguuni pa kitanda. Akasogea.

"Kabula," marehemu alimwita.

Queen hakuhisi kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na isiandikwe vingine. Alisema, "Abee."

"Umeitika kama mtu anayeitwa kuosha vyombo. Kabula!"

"Abee, bibi."

"Haya. Sasa nendeni mkale, mmeshinda njaa hapa."

Nje ya wodi Obadia aliambiwa, na hakuridhika. Alisema mama anaumwa, na mgonjwa hapewi neno la mwisho. Mtoto wa watu, alisema, ana miaka kumi na sita, ana vyeti vyenye jina lake. Tusubiri Desemba kama alivyotaka mwenyewe siku zote. Bibi Marsela alimuuliza, "Alitaka nini siku zote, mwanangu? Alitaka kitu ambacho hata yeye hakuwa nacho." Obadia alikwenda kununua maji ya chupa, na aliporudi hakumpa mtu yeyote.

Marehemu hakuuliza tena hali ya hewa. Alifariki Alhamisi tarehe 7 Novemba 2024, asubuhi. Hakuna aliyelia kwa sauti. Generosa alilikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Queen alisoma maandishi ya chupa ya dripu kutoka juu mpaka chini, akaanza upya, mpaka nesi alipoiondoa. Nje kulikuwa na jua na mtu alikuwa anauza karanga. Walipofika nyumbani walikuta maharage yaliyolowekwa usiku uliotangulia, na kwa kuwa yalikuwa yameshalowekwa, yalipikwa.

Jana jioni familia ilikaa. Obadia alirudia hoja yake kwa heshima. Mdogo wa marehemu, Mzee Gideon, ambaye kwa wanaume sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Queen kama aliitwa. Akasema aliitwa. Akamuuliza kama aliitika. Akasema aliitika.

"Ulitaka?"

"Sijui, babu. Aliniita."

Mzee Gideon alisema kwake hiyo inatosha. Lakini pale kaburini yeye kazi yake ni kuita tu, hamlazimishi mtu kuitika, wala hamzuii. Obadia akasema yaandikwe yote yalivyotokea, mtu asije kusema jina liliibwa. Ndiyo maana yameandikwa.

Marehemu ameacha dada mmoja, Bibi Marsela, na mdogo mmoja wa kiume, Mzee Gideon. Watoto watatu, Generosa, Deusdedit na Obadia. Mkwe wake Odeta na mtoto aliye njiani. Na wajukuu Osward, Queen na Faith. Ameacha pia wateja wa Majengo, ambao wengine tangu juzi wanapita pale mezani na kusimama kidogo kabla ya kwenda kununua kwingine.

Baada ya wasifu huu, Mzee Gideon ataliita jina. Tunaomba simu zizimwe na wenye watoto wachanga wawanyonyeshe. Wanakwaya pia wangoje kidogo kabla ya kuanza, kwa sababu sauti itakayoitika si kubwa, na itatoka upande wa wajukuu. Queen amesema ataitika.

Kabula mkubwa na alale kwa amani.