Rosebella Aachiwe Gia Zake

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa shirika lililotupa baiskeli za mkono, Bwana Chifu Msaidizi, Pasta wetu, majirani wa Mashimoni mliokuja kusikiliza, na nyinyi mliokuja kwa sababu ya soda: sisi wanachama wa Kikundi cha Tujikaze, tunaoendesha magurudumu matatu kwa mikono kwa kuwa miguu ilikataa kazi, tunawasalimu na kuwakaribisha. Njia ya kufika hapa ina matope, pole kwa viatu. Tunaomba radhi mapema pia kama risala hii itasikika imechoka. Walioiandika wamechoka.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza mwaka wa 1993. Nusu yetu tunaishi Silanga, kule chini karibu na bwawa, na nusu wanaishi Kabiro, Kawangware. Wengi tulipata polio tukiwa wadogo, wengine Siaya, wengine Kitui, tukaja kukutania Nairobi tukitafuta riziki kama watu wote. Mwaka jana shirika lako lilituletea baiskeli. Siku hiyo tulilia, na hatuoni haya kulisema. Ukizoea kutambaa kwa viganja, unawajua majirani zako kwa viatu vyao. Tulipoketi juu ya vile viti tukawaona nyuso.

Aliyelia kuliko wote ni Rosebella Amondi. Rosebella hununua mboga kwenye mashamba ya kando ya bwawa na kuziuza hapa juu Mashimoni. Kabla ya baiskeli alikuwa akimtegemea mtu wa kumbebea gunia na mtu mwingine wa kumbeba yeye. Siku hiyo alituambia kwamba watu wa kubeba sasa watafute kazi nyingine.

MAMBO YALIVYOKWENDA

Mgeni rasmi, baiskeli hizi zina gia mbili na cheni moja. Gia ya juu, inayozungushwa na mikono, ilikuja na meno arobaini na manne. Ya chini, iliyo kwenye gurudumu, ilikuja na meno kumi na manane. Mikono ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na zaidi. Kabiro, ambako njia imelala, hiyo ni raha tupu, na wenzetu wa huko hawataki gia zao ziguswe. Silanga ni mteremko. Kushuka, hata usingizini utafika. Kupanda na gunia nyuma ni habari nyingine: unasukuma kwa mikono, kifua na meno ya mdomoni, na baiskeli imesimama tu inakutazama.

Basi Rosebella akarudi kwa watu wa kusukuma. Aliyempata alikuwa na marafiki wengi. Kila alipokutana na mmoja alimwacha Rosebella kando ya njia, juani. "Tulia kiasi, mathe, naongea na mabeshte," alikuwa akimwambia. Rosebella akatulia, mboga zikanyauka. Alituambia kwamba kutambaa kulikuwa na uchungu wake, lakini angalau alikuwa akisimama anapotaka mwenyewe. Hilo lilituuma sana, kwa sababu kila mmoja wetu wa Silanga alikuwa akiliwaza na hakuna aliyetaka kulitamka.

Mwishowe akaipeleka baiskeli kwa Kavoi, fundi mwenye kibanda kule Kabiro.

"Kavoi, hii kitu inataka nguvu ya ng'ombe," akamwambia. "Mimi ni mtu."

"Hiyo si kazi. Tupunguze meno ya juu."

Kavoi akaweka gia ndogo ya meno tisa. Rosebella akapanda mlima peke yake, nasi tukampigia makofi mpaka viganja vikawaka. Tulishangilia mapema. Gia ndogo hivyo inaikunja cheni kupita kiasi. Ilikuwa ikienda kwa kushtuka-shtuka, meno yakalika upesi na kuchongoka, na asubuhi moja cheni ikaruka katikati ya mlima. Breki peke yake haikutosha kuushika mzigo ule. Baiskeli ilirudi nyuma hadi kwenye ukuta wa kibanda cha maji, na mkono wa Rosebella ukachunika kutoka kiwiko hadi kifundo.

Kavoi alipoona kidonda alikaa chini. "Nilikuwa na haraka," akasema. "Nilifikiria kupanda tu, sikufikiria cheni."

"Mimi pia," Rosebella akamjibu. "Sasa fikiria pole pole. Niko hapa."

Safari hii Kavoi alichagua vizuri. Juu aliweka meno ishirini na mawili, ili cheni ipate mahali pa kutosha pa kushika. Badala ya kupunguza zaidi huko, aliongeza chini: meno thelathini na mawili. Sasa mikono ikizunguka mara moja, gurudumu halimalizi hata mzunguko. Alihakikisha gia zote mbili zimesimama kwenye mstari mmoja, na cheni aliiweka mpya, maana iliyozoea meno yaliyolika ingeziharibu gia mpya pia. Muema, mwenzetu wa Kabiro, aliijaribu akacheka sana.

"Siste, hii ni ya kobe. Nitafika kwangu Krismasi."

"Ni sawa," akasema Rosebella. "Umeona wapi kobe akisukumwa?"

Tangu hapo hajasukumwa na mtu yeyote mlimani. Anapanda polepole, anasimama apendapo, anaongea na mabeshte wake mwenyewe.

YANAYOTUCHOSHA

Mwezi uliopita afisa wako wa miradi alitutembelea. Aliinama, akaziangalia gia za Rosebella, akasema baiskeli imeharibiwa. Akatangaza kwamba ni mali ya shirika, na kwamba leo, lori litakaloleta baiskeli mpya litaondoka na hiyo, ipewe mtu atakayeitunza.

"Nimeharibu nini na inapanda?" Rosebella akamuuliza.

"Mama, sheria ni sheria."

Hatumlaumu. Afisa huja kwa gari, na dereva wake akifika mlimani hubadilisha gia bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini tangu siku hiyo Rosebella hana amani. Tunaogopa kwa niaba yake. Tunajiogopea na sisi, kwa kuwa wengine tulikuwa kwenye foleni ya Kavoi.

TUNACHOOMBA

Tunashukuru kwa baiskeli zilizo ndani ya lori. Tumezichungulia, utusamehe. Zina meno yale yale. Tunaomba kila atakayepewa aulizwe kwanza anaishi wapi na anabeba nini, ndipo achaguliwe gia. Wa Kabiro waachiwe zao. Wa Silanga waruhusiwe kwenda kwa Kavoi.

Ombi kubwa ni Rosebella aachiwe baiskeli yake kama ilivyo.

Mwenyewe hayuko hapa, na si kwa kukosa adabu. Yuko kule chini kwenye mashamba, gunia limeshafungwa, anasubiri tumalize kusoma. Amekataa kusukumwa na amekataa kusindikizwa. Ametutuma maneno, nasi tunayasoma alivyoyasema: "Mwambieni huyo mama sitaki kubishana. Angoje kidogo, nampelekea mboga. Nikifika hapo juu, kama bado anaitaka baiskeli, aniambie yeye mwenyewe nishuke."

Kwa hiyo tunakuomba uendelee kukaa, Mgeni rasmi. Hatakuja mbio.

Mungu akurudishe nyumbani salama, awabariki wa nyumbani kwako, na aendelee kuitia nguvu mikono yetu.

Ni sisi, Kikundi cha Tujikaze, Silanga na Kabiro.
Imesomwa na katibu, Benard Ogola, Mashimoni, Julai 1996.