Kopo la Udongo la Ludovick

Benchi letu liko Tengeru, nyuma ya soko, na mimi fundi viatu ndiye mwenyeji wake, hata wenzangu wakibisha. Jumamosi ile ya soko Ludovick alikuja mapema, kapakata kopo la udongo. Tunamwita Kihamba, maana hana wimbo mwingine: kihamba cha kwao, shamba la ukoo huko Kibosho, migomba ya mama yake, kivuli chake, ndizi zake. Kwa mila yao kihamba cha baba hubaki kwa kitindamimba, na Ludovick ni mtoto wa katikati. Akahangaika miaka, akanunua eka moja huko tambarare, chini ya barabara ya Moshi, naye awe na kihamba chake. Miche ameipanda mara mbili, yote imekauka. Na asubuhi hiyo mama yake alikuwa njiani analeta ya mwisho kabisa, kwa sababu mdogo mtu kafyeka migomba yote ajenge vyumba vya kupangisha.

— Nanyori, mimina. Leo sijalala, Kihamba alisema. Mama akikuta pale patupu nitamwambia nini?

Nanyori, mwenye birika la kahawa, akammiminia. Profesa akalivuta lile kopo la udongo wa shamba. Huyo ni Ezra; uprofesa aliupata kwa kupaka rangi madarasa ya chuo cha kilimo hapo jirani.

— Udongo mzuri huu, alisema. Mweupe. Weupe ni usafi.

— Majani yanaungua pembeni, Profesa, kama yamepigwa pasi.

— Kiu hiyo! Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mwagilia!

— Nimemwagilia mpaka jirani kaniuliza kama nafuga samaki.

Meitamei akacheka. Huyo ni dalali, ndiye aliyemwonyesha shamba.

— Chalii angu, mche ni mgeni pale. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umeupa?

— Niupe mgomba jembe?

— Waulize wahenga, usiniulize mimi.

— Tatizo ni lugha, Profesa akadakia. Mgomba umezaliwa unasikia Kichaga. Pale unasikia Kimeru na kengele za mbuzi. Utaelewa saa ngapi?

— Basi auimbie, nikasema. Alete kwaya nzima ya kigangoni.

— Fuso kumi! Meitamei alisimama kabisa. Unasomba udongo wa Kibosho, unautandaza juu kama zulia. Kwisha kazi.

— Na Fuso la kumi na moja lilete mvua, Nanyori alisema.

Nikachoka nao. Nikauliza hivi kwa nini kopo halijafika hapo chuoni wakalipima, maana ukipiga kelele hapa wanakusikia. Profesa akasema atalipeleka mwenyewe akimaliza kahawa. Anasema hivyo tangu Pasaka.

Kihamba hakucheka hata kidogo.

— Nyie mnatania. Mimi nataka mahali nikiamka nisikie majani ya mgomba yanapigana na upepo. Basi. Nataka mama akae kwenye kivuli changu kabla hajaondoka duniani. Ni kosa?

Nanyori akamwongezea kahawa. Hapo ndipo mama akatokea upande wa stendi, gunia kichwani.

— Shikamoo mama, tukasema wote.

— Marahaba, wanangu.

Ludovick akampokea gunia, akalifungua. Miche mitatu, mizizi yake bado ina udongo mweusi wa kwao. Akainama akaunusa, akakaa vile vile ameinama. Mama akatia vidole kwenye kopo, akafikicha.

— Ludo, huu una magadi. Siku mlipokwenda kuangalia shamba, palikuwa pameota nini?

Meitamei akamtazama Profesa, Profesa akanitazama mimi. Tulikwenda wote siku ile. Mbuzi tuliyechoma namkumbuka mpaka chumvi yake. Palikuwa pameota nini?

— Sikumbuki, mama.

— Sasa mlikuwa mnaangalia nini?

— Mlima, mama. Ilikuwa asubuhi, hakuna wingu. Kilimanjaro yote iko wazi. Nikauona upande wa kwetu, nikatoa hela palepale.

Ni kweli. Sote tuliinua shingo, na hakuna aliyetazama chini.

Mama hakugomba. Akaketi kati yetu, akavua viatu, akaweka mkono kwenye goti la mwanawe.

— Upande wa kwetu hauna migomba tena, baba.

Akalitazama gunia.

— Sasa hii nipande wapi?

Profesa akalisukuma kopo chini ya benchi. Meitamei akatoa simu, akaanza kuikagua. Kihamba alikuwa analia wazi, wala hakujificha. Nanyori akatikisa birika, kahawa imeisha. Akachukua dumu la maji ya kuoshea vikombe, akaimwagia ile miche humo humo kwenye gunia.