Safu Mbili za Metok

Jua la asubuhi likishaupata ukuta wa duka la chai ya siagi la Mama Choekyi, pale Shigatse, mji wa juu milimani, benchi lake huwa limeshajaa makalio yale yale. Kuna Redio, muuza sufu, ambaye habari hazilali kwake. Kuna Kwato, aliyewahi kutibu farasi na mpaka leo anajiita daktari. Na kuna mzee Norgye, ambaye leo hata kete hajazigusa. Jana mjukuu wake Metok, binti wa miaka kumi na mitatu, alirudi na ujumbe wa daktari wa meno aliyepita shuleni: meno mawili ya utotoni yamegoma kung'oka na mapya yameota nyuma yake, yang'olewe leo kabla daktari hajaondoka. Nyumbani wanangoja neno la babu. Na babu ndiye aliyekataza yasiguswe tangu mwanzo, maana Buddha alikuwa na meno arobaini, na safu mbili kinywani mwa mjukuu aliziona baraka tupu.

— Mzee, usijitese, — Redio alisema. — Nimekutana na mwalimu wao sokoni. Darasani kwa Metok, wenye meno yaliyopinda ni wengi kuliko wenye yaliyonyooka!

— Acha masihara!

— Naapa kwa Vito Vitatu! Yamebanana, yamepandana, mengine yako nje yanachungulia wageni!

Mzee Norgye alishtuka hadi chai ikamwagikia kanzu. Miaka yote alijua baraka ile ni ya nyumba yake peke yake.

— Darasa zima? Kha! Wamerogwa?

— Tambi hizo, — Kwato alisema. — Sisi tulitafuna jibini kavu mpaka masikio yanacheza. Wao wanameza tu. Taya lisilofanya kazi litapata wapi nafasi ya meno?

— Mbona mwanangu anakula jibini na yake yamepinda? — Redio alipinga. — Ni hewa, bwana! Huku juu hewa haba, meno yanatoka nje kutafuta pumzi.

— Na ya kwako mbona hayakutoka?

— Yangu yalitoka yakaenda zake! — Redio alifunua ufizi mtupu, benchi zima likacheka.

Mzee Norgye hakucheka.

— Na kama wote wamezaliwa watakatifu? — aliuliza taratibu. — Kizazi kizima cha malama, watawa wakuu waliokufa wakarudi kuzaliwa upya?

— Eee! — Kwato akadaka. — Hapo umenena! Nani atang'oa jino la lama? Penye wengi hapaharibiki neno. Wakiwa wengi waliopinda, basi waliopinda ni wale walionyooka!

— Na isitoshe, — Redio akakazia, — meno ya mbwa hayaumani. Yaacheni, yatapatana yenyewe.

Moyo wa mzee ukaanza kutulia. Alikuwa ameshafungua kinywa kusema hang'olewi mtu, ndipo Yudron akatoka na birika. Ni mkwe mpya wa Mama Choekyi, amefika wiki iliyopita kutoka Kham, na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake.

— Babu, samahani, — alisema akimimina. — Huyo mtoto, yanamuuma?

Redio alimtazama Kwato. Kwato akatazama siagi ikielea kwenye chai yake.

Mzee Norgye akamkumbuka Metok mezani, kila jioni, akimtupia mbwa jibini lake gumu chini ya meza, na yeye babu akimsifu mbele za wageni kwamba ana roho ya huruma.

Akainuka.

— Unakwenda wapi, mzee? Chai imejaa hiyo!

— Kumuuliza, — alisema, na alikuwa ameshavuka barabara.