Fundo Lililozungukia Kushoto

Ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika hapa nyumbani kwa mwenzetu Norman, Sharafiya, hapa Jeddah, asubuhi hii ya Ijumaa, tarehe 21 Novemba 2025, nanyi mlioko Rusinga mnaotusikiliza kupitia simu ya Roselyne aliyeketi nasi hapa, familia imeomba historia hii isomwe kabla mwili haujasafirishwa kesho, isomwe yote, tena polepole, kwa sababu tangu kifo kitokee yamesemwa mengi, mengine kwenye ngazi za jengo hili, mengine kwenye simu, na yote yanamwelekea mtu mmoja, Jackton Obonyo, ambaye amesimama pale mlangoni karibu na viatu kwa kuwa hakuna aliyemsogezea kiti. Vijana wa nyumbani wametuma neno kwamba asithubutu kuusindikiza mwili, na kwamba akikanyaga kisiwani atajua hajui. Basi sikilizeni kwanza, ya kusema mtasema baadaye.

Marehemu Absalom Owuor Nyambok alizaliwa tarehe 3 Mei 1982, katika kijiji cha Kaswanga, kisiwani Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Nyambok na Mama Fridah, akafuatwa na dada yetu Serah na kitinda mimba Elly. Mama Fridah husema mwanawe huyu alizaliwa amekunja ngumi, akakaa hivyo siku tatu, na sisi tuliolala naye chumba kimoja hatubishi, maana Absalom alikuwa mtu wa kushika kitu chake, na usiulize ameshika nini.

Alianza shule ya msingi hapo kijijini Januari 1990, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, akaenda sekondari Mbita mwaka 1998, lakini alipofika kidato cha pili, tarehe 9 Septemba 1999, baba alifariki, karo ikakosekana, naye akarudi nyumbani kuwa baba wa nyumba kabla ndevu hazijamtoka. Walimu wake walimsifu kwa mwandiko mzuri, walimlalamikia kwa jambo moja tu, kwamba alifunika daftari kwa mkono hata alipokuwa ameshindwa na swali.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ziwani, kutega samaki wakubwa waitwao mbuta kwa ndoana zenye chambo hai, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kuvuma. Wengine walitumia ndoana tupu na samaki mdogo, wakasubiri kudra, lakini Absalom alikata kijiko cha zamani, akakipiga nyundo mpaka kikawa kibati chembamba mfano wa jani, akakisugua kwa jivu kikang'aa, akakining'iniza kwenye mshipi juu ya shanga tatu nyekundu, kisha chini yake akafunga ndoana mbili, ya mbele ikipita kwenye mdomo wa juu wa chambo peke yake ili samaki yule azidi kupumua na kuogelea wima, ya nyuma ikikaa karibu na mkia. Chombo kikisogea kidogo tu, kibati kinazunguka, kinamulika, na mbuta aliyelala kule chini anaamka kwa hasira. Kulikuwa na shanga moja ndogo sana aliyoificha nyuma ya kibati, ndogo kama mbegu ya wimbi, ndiyo iliyofanya kibati kizunguke hata maji yakiwa yametulia, na fundo la kuibana shanga hiyo alilifunga akiwa amewapa watu mgongo. Aliyeuliza alijibiwa kwamba ni bahati.

Tarehe 20 Desemba 2006 alifunga ndoa na Beldina, binti wa Mfangano, mwanamke mvumilivu kweli, na Mungu akawajalia watoto watatu, Griffins aliyezaliwa 2007, Emmah 2010 na Charity 2016. Beldina anakiri kwamba hata yeye, katika miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kuliona fundo lile likifungwa, na alipomtania mumewe kwamba pengine ana mke wa pili ndani ya ule mkebe wa ndoana, marehemu alicheka, kisha akaufunga mkebe.

Samaki walipopungua, Absalom alisafiri kuja Riyadh tarehe 17 Januari 2012, akaajiriwa mlinzi wa ghala, akaishi mtaa wa Manfuha katika chumba cha watu saba, na miaka mitatu hakuona maji mengi kuliko ya ndoo. Mwezi Machi 2015 alipata kafili mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini, akabadilisha ikama, kile kibali cha kuishi, akahamia hapa Jeddah kuwa dereva, na kwa bahati bosi huyo mpya alikuwa mpenzi wa kuvua, kila Ijumaa yuko baharini na rafiki zake wakirudi na ngozi zilizoungua na ndoo tupu. Wiki moja Absalom alimwomba ruhusa, akafunga ndoana zake, akatia dagaa hai, akawavulia chewa watatu wakubwa kabla ya jua kupanda, na tangu siku hiyo bosi akawa hampeleki mtu mwingine. Wageni wake walimwita Absalom kwa jina, wakamkaribisha kula nao sinia moja, na dereva anayekula sinia moja na wenye nyumba, ninyi nyote mnajua uzito wake.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia kikweli. Alikaa chumba kimoja na Jackton Obonyo, mlinzi, mtoto wa Mbita, rafiki wa tangu sekondari, aliyempokea Jeddah, akamtandikia godoro, akamfundisha njia zote za mji huu, na bado Absalom alilala na mkebe chini ya mto. Alifunga ndoana bafuni, bomba likiwa wazi. Alipenda kusema kikulacho ki nguoni mwako, akaisema methali hiyo mpaka chumba kizima kikazoea, na Jackton naye akamjibu kwa utani kwamba basi afue nguo.

Mwezi Juni 2019, siku za Idi, mdogo wake Elly, aliyekuwa kibarua wa ujenzi Riyadh, alikuja kumtembelea, akakaa siku nne, akarudi kazini. Miezi miwili baadaye Absalom alipita kwenye duka la zana za uvuvi hapa mjini, akaona ukutani ndoana zake, zimefungwa kwenye vipakiti kumi kumi, kibati kile kile, shanga tatu nyekundu, na ile ndogo kama mbegu ya wimbi nyuma yake. Alirudi chumbani, akamwaga mkebe kitandani, akakuta ndoana moja haipo, na nyingine imefunguliwa ikafungwa upya, lakini vibaya, kwa kuwa fundo lake lilizunguka kulia siku zote, na hili lilizunguka kushoto. Jackton ni mtu wa mkono wa kushoto. Halas, kesi ikaisha pale pale, hakimu ni Absalom, shahidi ni Absalom.

Alimshtaki mbele ya watu kumi na wanane wa chama chetu cha Wakenya wa hapa, Ijumaa ya tarehe 30 Agosti 2019, akalionyesha fundo, na kila aliyelitazama akamtazama Jackton mkono. Jackton alisema hakufanya, akasema mara moja tu, akanyamaza, nasi tukauhesabu ukimya ule kuwa hatia. Aliondolewa kwenye ukatibu wa chama, akahama chumba, na kila alikokwenda mkebe wa sukari ulifichwa akiingia. Miaka sita mtu mzima ameishi hivyo katika mji huu, jamani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini mwizi hakuonekana na faida yoyote ya wizi wake.

Mwezi Februari mwaka huu Absalom alianza kulalamikia maumivu ya ubavu wa kulia na kukonda, akapimwa tarehe 26 Februari, akaambiwa ni kansa ya ini na kwamba imekwisha enea, na karatasi ya daktari hii hapa mezani, anayeweza kusoma asome. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho ikiwa tarehe 19 Oktoba. Katika wiki hizo alikataa chakula cha hospitali, akala tu supu ya samaki aliyoletewa na Norman kila jioni, akaisifu, akasema Norman ameoa mpishi hodari, na baada ya kifo ndipo ilipojulikana kwamba Norman alikuwa mbebaji tu, mpishi alikuwa Jackton, aliyeomba jina lake lisitajwe ili mgonjwa asiikatae. Kutoka hapo neno likaruka likafika Rusinga kabla ya jeneza, kwamba Absalom amelishwa kitu. Lakini tarehe hazidanganyi, ndugu zangu, ugonjwa uliandikwa Februari na supu ilianza Oktoba.

Jioni ya tarehe 10 Novemba, Elly akiwa amefika kutoka Riyadh na kukaa kando ya kitanda, marehemu alifungua macho akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza mtu, kwa maana mtu wa shaka nyingi hajiulizi juu ya shaka yake yenyewe.

"Elly, una uhakika ni Jackton? Kama si yeye, niitie, nimwombe msamaha kabla sijaenda."

Elly alimtazama kaka yake usoni, akamjibu, "Ndiye."

Absalom akageukia ukutani, hakutaja tena jambo hilo, na siku ya pili yake, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akakata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Sasa familia inalazimika kuwaeleza habari za Elly. Alipokuwa mtoto wa miaka minane alimganda kaka yake amfundishe kufunga ndoana, kaka akamwambia atafundishwa akikomaa, asikae ubavuni pake, aende zake. Mtoto akaenda upande wa pili wa kibanda, akachungulia kwenye ufa wa ukuta, wakawa wameelekeana uso kwa uso pasipo mkubwa kujua, akayafuata yale mikono iliyoyafanya, msimu baada ya msimu. Anayejifunza kwa kumtazama mtu aliyemwelekea hujifunza kinyume, kulia kwake huwa kushoto, na hivyo mikono ya Elly, ambaye ni mtu wa mkono wa kulia kama sisi wengi, ililishika fundo lile likizunguka kushoto, wala haijui namna nyingine. Alikuwa hajawahi kulifunga mbele ya mtu. Siku za Idi ile ya 2019, Absalom akiwa amempeleka bosi baharini na Jackton akiwa lindoni, Elly alifungua mkebe, akafungua ndoana moja aone shanga iliyofichwa, akaifunga tena alivyojua, akaondoka na nyingine, akaipeleka Riyadh kwa mwenye duka mmoja wa Al-Dirah aliyemwahidi kazi ya kukaa kivulini, mbali na jua la mjengo, endapo atamletea kitu kipya cha uvuvi. Mwenye duka aliipokea, akamtumia nduguye wa Jeddah, na Elly aliporudi kuulizia kazi aliambiwa mafi, hakuna kazi.

Elly huyo ndiye mimi ninayewasomea. Nilisimama hapa tarehe 30 Agosti 2019, nikiwa nimekuja kwa mkutano ule, nikalishika fundo langu mwenyewe mkononi, nikamtazama Jackton pamoja nanyi. Niliogopa kaka yangu asinitambue tena, na alipokuwa anakufa niliogopa zaidi, nikamnyima neno moja alilolihitaji. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu mchana na usiku, bosi wake aliyeshughulikia karatasi zote za safari na kulia nasi bila kujificha, majirani wa Sharafiya waliopika siku zote hizi kumi, madereva wenzake waliochangia damu, wanachama wa chama chetu, kina mama wa Riyadh walioomba ruhusa kwa mamadam, waajiri wao, wakanyimwa wakatuma salamu, Norman kwa kubeba supu, na Jackton Obonyo kwa kuipika. Nimekwisha zungumza na Mama Fridah kwa simu alfajiri hii, nikamweleza yote haya, akalia, kisha akaagiza kwamba mwili usindikizwe na Jackton, na kwamba mama mwenyewe ndiye atakayeupokea mlangoni kwake, na mimi nitakuja nyuma, nikikubaliwa. Vijana wa Rusinga mnaosikiliza, kama mna la kumfanya mtu, nitafika kwa ndege inayofuata, jina langu mnalijua.

Jackton, ingia, kaa. Nisamehe, au usinisamehe, lakini kaa.

Na wewe kaka, uliniambia kama si yeye nikuitie. Si yeye. Nimemwita, amekuja, mimi ndiye niliyechelewa. Pumzika sasa, na amani uliyoomba ikufikie huko uliko.