Masale ya Mpakani

Noah ya abiria ilipoondoka Kimandolu kupanda mlimani, mama wa Kimeru aliyeketi kando ya Hatibu, mgeni aliyehamia huko karibuni, aliiangalia reki mpya ya Hatibu, akauliza ni ya kazi gani.

"Napendezesha mazingira ya nyumbani, shikamoo mama. Fundi wa nini na mikono ninayo? Nimeng'oa yale majani marefu ya mpakani, nikayachoma, nikapanda maua. Tangu hapo mzee wa nyumba ya pili haitikii salamu yangu."

"Marahaba. Umeng'oa masale? Ndiyo mpaka wetu hayo, baba! Anaona unammegea shamba."

Kila abiria akajifanya anatazama nje.

"Kule mjini, Daraja Mbili, niliishi kwa amani," Hatibu akaguna, "kwa sababu sikuwa na uwanja wa kuharibu. Sasa nimwombeje radhi?"

"Mpelekee jani la sale. Akishapewa hilo, hawezi kukataa kukusamehe."

"Nami ndiye niliyeyachoma! Yaliyobaki yako uani kwake."

"Basi kamwombe."

"Nimwombe jani la kumwombea msamaha?"

Gari zima likacheka, Hatibu akiwazidi wote, hadi liliposimama karibu na kwake. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya masale yake, anatazama barabarani. Hatibu akashuka, reki ameificha mgongoni.