Mama Zamu na Maji ya Mashamba ya Chini

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote, familia inaomba mumwie radhi mzee wetu, mume wa marehemu, kwa kufika amechelewa, tena na suti yenye tope hadi magotini. Tumeona mnavyotazamana, sababu mtaisikia, vuteni subira.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Zamu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima wa mahindi, katika nyumba ya mwisho kabisa upande wa chini wa mfereji, mahali ambapo maji yalifika yakipenda, na mara nyingi hayakupenda. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akirudia darasa la tano, kwa kuwa mwaka wa ukame alitolewa shule akamwagilie mahindi kwa ndoo, na mahindi yenyewe yakakauka vilevile, jambo lililomkaa rohoni maisha yake yote.

Kuanzia 1968 alifanya kazi katika kituo cha miche, akajifunza kuuliza udongo kwa vidole kabla ya kuumwagilia, ukishikana uache, ukimeguka ufungulie. Tarehe 8 Juni 1974 aliolewa na fundi baiskeli, huyu huyu mwenye tope, ambaye shamba lake la vitunguu ni la kwanza kabisa pale maji yanapoingia mferejini, na marehemu alipenda kutania kwamba aliolewa na maji, mwanamume alikuja kama nyongeza. Walijaliwa watoto wanne, wote wapo hapa, pamoja na wajukuu.

Mwaka 1988 wakulima walimchagua kuwa mgawa maji, na msimu wa kwanza, tuseme ukweli, alikosea, akafuata mazoea ya kuanzia mashamba ya juu akishuka, kila wa juu akageuza shamba lake bwawa, na zamu ilipofika chini mfereji ulikuwa umebaki tope, mahindi ya kaka yake yakafa yamesimama. Alilia mbele ya mkutano bila kuona haya, kisha akatangaza kwamba kuanzia msimu unaofuata zamu itaanzia shamba la mwisho na kupanda juu, maana yake mumewe atapata maji baada ya watu wote. Weee! Mzee alinuna msimu mzima, akawa anaomba chumvi kupitia kwa mtoto wa pili, ilhali chumvi iko mkononi mwa mkewe, na mama naye hakulegeza kamba. Mavuno yalipokuja, watu wa chini walivuna mahindi, na vile vitunguu vya juu, vilivyozoea kuoza kwa kulewa maji, vikatoka vigumu na vikavu, na siku hiyo mzee aliomba chumvi mwenyewe.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Novemba 2021, akawa analazwa na kuruhusiwa, na kila asubuhi aliwauliza wauguzi kama maji yamefika chini, kana kwamba wodi ina mfereji. Aliaga dunia tarehe 3 Septemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tumeumia, hatufichi, nyumba imepwaya.

Kamati ya mfereji ilifunga lango leo kwa heshima yake, ikiwa na nia njema, lakini leo ni zamu ya mashamba ya chini, na mzee alipopata habari asubuhi, akiwa ameshavaa suti, alisema mke wake hazikwi huku mahindi ya watu yana kiu, akaingia mferejini na viatu vyake, akalifungua lango kwa mikono yake, kisha akayafuata maji kwa miguu, akilipita shamba lake mwenyewe bila kugeuza shingo, mpaka akayaona yakiingia shamba la mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliopika na kukesha nasi, na wakulima wenzake wa juu na wa chini mliokaa leo benchi moja.

Mama Zamu, maji yamefika chini, mumeo ameyaona. Pumzika kwa amani.